Ukuta Unaoogopwa na Mwenye Nyumba

Mwezi Aprili mwaka 1872, David Livingstone akiwa Kwihara, karibu na Tabora, akingoja wapagazi, tufani kubwa ilipiga Unguja na Bagamoyo. Hapo Bagamoyo, mwanzo wa njia ya misafara, iliharibu vibaya majengo ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Sisi watu wa bara tumezoea kuhesabu tufani kuwa msiba wa pwani.

Mwakata ilitufundisha vingine. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, katika kijiji hicho cha Kahama, kaskazini mwetu, mvua ya mawe na upepo viliua watu zaidi ya 40. Nyumba za udongo ziliwaangukia wenyewe wakiwa ndani.

Msiba wa namna hii ukitokea, hawakosekani wanaonong'ona juu ya laana. Kristo, akiwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Nasi tukane.

Tofali bichi likilowa chini hulegea. Bati lililopigiliwa juu ya fito nyembamba huinuliwa na upepo unaoingia chini ya upenu. Na paa likiondoka, ukuta haushikwi tena na kitu. Wazee wetu katika tembe zao walilaza boriti juu ya nguzo zilizochimbiwa ardhini. Leo nguzo nzuri ni adimu, maana miti mingi imeteketea katika mkaa na katika mabani ya tumbaku. Mwenye fedha hujengea tofali la kuchoma na saruji. Maskini hulala chini ya ukuta anaouogopa. Hapo ndipo habari ya mvua inapokuwa habari ya haki.

Kwa hiyo tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zote: kabla ya mvua za Novemba, tembeleeni nyumba za wajane, wazee na wagonjwa. Fungeni kenchi kwa waya mpaka ndani ya ukuta. Zungusheni mawe kwenye msingi, chimbeni mfereji wa kutoa maji, pandeni miti upande unakotoka upepo. Viongozi walei nao walifikishe jambo hili kwenye mkutano wa kijiji, wala wasingoje kuombwa.

Tumezoea kuchanga sanda. Mwaka huu tuchange misumari kwanza.