Jasho la Bure Katika Miba ya Bata

Twasikia vijana wa vyuo wakiitwa kwenda kujitolea mashambani, kung'oa miba pasipo ujira, na waitaji huliita jambo hilo elimu. Tuchukue mfano ulio karibu. Tuseme mfugaji wa bata hapa Isevya ameamua kufuata kanuni za kilimo hai, zile zilizokubaliwa na nchi za Afrika Mashariki mwaka 2007. Shambani mwake imeota lantana, mmea wa miba uliotoka Amerika. Dawa za viwandani za kuua magugu amekatazwa. Kufyeka hakutoshi, maana huchipua tena kisikini; yapasa ing'olewe na mizizi, na mwaka ujao kazi irudiwe, kwa kuwa ndege hula matunda yake na kuzitawanya mbegu. Basi mikono ya watu ndiyo dawa yenyewe. Mnunuzi hulipia bata aliyelelewa bila sumu; kwa nini aliyeiondolea sumu haja yake asilipwe?

Watajibu kwamba ujima ni mila yetu. Ujima naujua, nao si huu. Mwenye shamba huwapa wenzake chakula na pombe, na zamu yao ikifika naye hushika jembe. Mwanafunzi asiye na shamba atarudishiwa nini, na lini?

Tena Tabora ni mji wa mwisho kufundishwa habari za kazi ya bure. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliobeba pembe hadi pwani, walipatana ujira wa nguo, shanga au waya kabla ya kuinua mzigo, na posho juu yake. Tajiri akivunja mapatano, waligoma au walitoroka. Wala hawakuwa na shahada.

Miaka ya 1920, huko Shinyanga, serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu kwa maelfu kupitia kwa watemi, wakafyeka vichaka vya mbung'o chini ya Swynnerton. Wakubwa walisema ni hiari; lakini aitwaye na mtemi atakataa kwa mlango gani? Hata hivyo wale walibakiwa na malisho ya ng'ombe wao wenyewe. Kijana wetu hubakiwa na mikwaruzo na cheti.

Mfugaji akiwa maskini, na aseme, twende Jumamosi moja kama majirani, naye siku nyingine aje kwetu. Akiwa mfanyabiashara, na atie gharama ya kung'oa miba katika bei ya bata, kama atiavyo gharama ya pumba.