Tuinunue, Lakini Makasha Yafunguliwe Kwanza

Tangu muhula huu uanze, mabwenini hakuna mazungumzo ila ya pikipiki. Mzee mmoja wa hapa karibu, karani aliyestaafu, anauza BSA Bantam yake ya aina ya D1, ambayo alianza kuitengeneza upya akaishia njiani. Fremu imepakwa rangi, magurudumu yana njiti mpya, tangi linang'aa. Injini imefunguliwa, na vipande vyake vimo katika makasha manne. Chama cha ufundi chataka inunuliwe kwa fedha walizotuchangia kaka zetu. Wengine wasema heri fedha hizo zinunue spana.

Mimi ni katika wanaotaka inunuliwe, ila hoja za wenzangu wa upande huu hazinipendezi. Kila mmoja asifu tangi! Rangi ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, na mtu akiisha kuipaka huona safari imekwisha, kumbe hajatoka mlangoni. Pikipiki yenye kutu lakini nzima hukuonyesha kila kipande mahali pake. Iliyofunguliwa na mtu mwingine ni kitendawili ambacho aliyekitega amesahau jibu.

Hata hivyo, kwa kujifunzia sijui iliyo bora kuliko hii. Injini yake ni ya mipigo miwili, sentimita za ujazo 123, gia tatu, haina vali hata moja. BSA ya Birmingham ilianza kuiuza mwaka wa 1948, na Bantam za namna mbalimbali ziliendelea kutengenezwa mpaka 1971. Tena asili yake si Uingereza. Ni mchoro wa DKW RT 125 ya Wajerumani, uliochukuliwa kuwa fidia baada ya Vita Kuu ya Pili. Warusi waliufuata mchoro huo huo, na Harley-Davidson kule Marekani, na Yamaha katika pikipiki yake ya kwanza, YA-1 ya mwaka wa 1955. Waingereza waliugeuza kama sura katika kioo, hata gia ikawa mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Aliyezoea bodaboda, siku ya kwanza atatafuta breki akute gia.

Wenzetu wa spana wana haki nusu. Nati za Bantam ni za vipimo vya zamani vya Kiingereza, si vya milimita. Ukilazimisha spana za kawaida zitazila kingo. Basi bei ya pikipiki si bei yote.

Kwa hiyo nasema makasha yafunguliwe mbele ya mwalimu wa ufundi, vipande vipangwe chini na kulinganishwa na mchoro, kimoja kimoja. Krenki itazamwe kuliko vyote, pamoja na sili zake, maana katika injini hii petroli hupitia chumba cha krenki kabla ya kufika juu, na sili ikivujisha hewa haitawaka vizuri hata mkiipaka dhahabu. Namba ya fremu na ya injini hazifanani. Hilo lisitutishe, kwani D1 zilitoka kiwandani hivyo. Lakini zote mbili ziwe katika karatasi za mzee kama zilivyopigwa katika chuma. Zisipokuwamo, tumshukuru turudi zetu.

Tena kuna jambo ambalo hatupendi kulitaja. Nyuma ya karakana, chini ya turubai, ipo mashine ya kusaga tuliyoifungua miaka miwili iliyopita kwa kelele nyingi. Nami nilikuwamo. Hakuna aliyeandika kipande kipi kilitoka wapi, waliojua wakamaliza masomo, na mashine haijasaga hata debe moja tangu siku hiyo. Kaka zetu wakiuliza fedha zao zilikwenda wapi, hatuwezi kuwaonyesha turubai la pili. Kazi hii na washike wa kidato cha tano, wenye mwaka mzima mbele yao, na daftari liandikwe tangu siku ya kwanza. Sisi wa sita tushike taa tu.

Mzee amekubali kungoja mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Naomba makasha yafunguliwe Ijumaa kabla yake, baada ya masomo. Magunia ya kutandika chini nitaleta mimi.