Mzazi au Mlezi: Mstari Unaomficha Mtoto wa Habaswein

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumefunzwa kupambanua maana. Mzazi ni aliyezaa. Mlezi ni anayelea. Mtu mmoja aweza kuwa yote mawili, lakini maneno hayo si visawe. Hata hivyo, fomu nyingi za shule huyaweka katika mstari mmoja, "mzazi au mlezi", kisha huacha nafasi ya jina moja tu. Rai yangu ni kwamba mstari huo unawanyima haki ya elimu watoto wanaolelewa nje ya nyumba za wazazi wao.

Chukua mfano wa Habaswein, mji wa Wajir Kusini ulio kwenye barabara ya Garissa kwenda Wajir. Jina lenyewe ni la Kisomali, maana yake vumbi jingi. Hii ni nchi ya wafugaji. Mifugo inapohamia malisho ya mbali, si ajabu mtoto kuachwa mjini kwa shangazi, ami au nyanya ili asome. Wengine ni mayatima, nao huchukuliwa na jamaa bila ya kufika mahakamani, kwani Uislamu unahimiza kumlea yatima pasi na kumbadilishia nasaba. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitaja kafala kwa jina, jambo la kupongezwa. Lakini malezi ya jamaa kwa kawaida hayaachi karatasi yoyote nyuma yake.

Karatasi ndizo zinazohesabiwa. Mfumo wa taarifa za elimu, NEMIS, ulioanzishwa mwaka 2017, ulidai nambari ya cheti cha kuzaliwa, na fedha za serikali, zilizokadiriwa kuwa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, zikafuata majina yaliyosajiliwa. Je, shangazi asiye na cheti hicho afanyeje, ilhali mama wa mtoto yuko malishoni au amekwisha kufariki? Mtoto yuko darasani, dawati amelikalia, ila hesabu haimwoni.

Upofu wa namna hii si wetu peke yetu. Huko California, Marekani, utafiti wa mwaka 2013 uliunganisha kumbukumbu za shule na zile za idara ya ustawi wa watoto. Ikabainika kuwa watoto walio katika malezi ya kambo walibaki nyuma hata ya wenzao maskini, na walihamahama shule zaidi. Awali walikuwa wamemezwa na takwimu za umaskini kwa jumla. Habaswein hakuna idara inayompeleka mtoto kwa shangazi yake, hivyo hakuna daftari la pili la kuunganisha. Lililopo ni la mwalimu.

Basi lianzie hapo, kwa swali moja kila muhula: unaishi kwa nani sasa? Nasema kila muhula kwa sababu jibu hubadilika mvua inapokosa. Likiwekwa kando ya mahudhurio na alama, mwalimu mkuu ataona kama wanaokosa masomo ni wale waliohamishwa nyumba, na atajua abishe hodi mlango gani.

Wapo watakaosema kuwa takwimu huleta balaa Kaskazini Mashariki. Hawajakosea kabisa. Mwezi Agosti 2010 serikali ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane, zikiwamo Wajir Mashariki na Lagdera, kwa madai kuwa yalizidi kiasi. Aidha, neno "yatima" likifungamanishwa na msaada, huenda likavuta majina yasiyostahili. Likitamkwa mbele ya gwaride la asubuhi, humvunjia mtoto heshima. Ndiyo maana swali langu linauliza makazi, haliulizi kifo. Majibu yakae kabatini kwa mwalimu mkuu, si ubaoni, na mlezi aridhie kwanza, kama Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inavyotaka. Swali lenyewe liandikwe kwa Kiswahili na Kisomali, ili nyanya aelewe anachoulizwa kabla ya kutia dole gumba.