Gari Lililoinuliwa si Gari Lililoandaliwa

Katika tafakari ya juma hili napenda tutazame jambo linaloonekana kuwa la starehe tu, kumbe lina uzito wa uhai wa watu. Jamaa zetu wengi wanaishi na kufanya kazi Oman, nchi ambayo Kiswahili kimekuwa na makao kwa vizazi vingi. Zinapofika siku za mapumziko, Ijumaa na Jumamosi, baadhi yao hujiunga na misafara ya magari kwenda kupanda vilima vya mchanga vya Sharqiya, ambavyo wengi wamezoea kuviita Wahiba. Eneo hilo lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 12,500, na vilima vyake vingine hufikia kimo cha mita 100. Si mahali pa kuendea kwa mzaha.

Rai yangu ni hii: gari lililoinuliwa bado si gari lililoandaliwa, na kiongozi wa msafara anayelikataa gari lisilo tayari anatenda upendo, wala si ukali.

Tukiri kwanza faida zake. Gari la kuendesha magurudumu yote manne likiinuliwa kwa springi ndefu na matairi makubwa, tumbo lake halikwami upesi juu ya kilele cha mchanga, na bampa yake haichimbi linapoanza kupanda. Hata hivyo, kila sentimita inayoongezwa chini hupandisha pia uzito wote wa gari, ilhali upana kati ya magurudumu hubaki karibu uleule. Matokeo yake, gari hilo hupinduka kwenye mwinamo mdogo wa ubavu kuliko lilivyotoka kiwandani. Mwenye gari akitwika tena juu ya keria tairi la akiba, madumu ya mafuta na masanduku, amejiongezea hatari kwa mikono yake mwenyewe. Vitu vizito viwekwe ndani, chini kabisa, na vifungwe imara, maana gari likipinduka, kitu kilicho huru humpiga abiria.

Kuinua gari hubadilisha na mambo yasiyoonekana. Pembe za magurudumu ya mbele huhama na usukani ukaanza kuyumba. Mipira ya breki huvutika. Ekseli hulazimika kuzunguka kwa pembe kali zaidi. Matairi yakiwa makubwa kuliko ya awali, hata kipima mwendo huonyesha kasi pungufu ya ile ya kweli. Kwa hiyo fundi apime upya magurudumu, ahakikishe mipira ya breki ina urefu wa kutosha, na akaze nati zote. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kisha yako matairi. Barabarani gari huweza kuwa na upepo wa paundi 35. Mchangani madereva wengi hupunguza hadi paundi 15 au 18, ili tairi litandazike, unyayo wake urefuke na gari lisizame. Likikwama, huweza kushushwa hadi 12 au hata 10, lakini hapo tairi laweza kuchomoka kwenye rimu dereva akikata kona kwa kasi. Kabla ya kurudi kwenye lami ni lazima upepo ujazwe tena, kwani tairi legevu huchemka na kupasuka. Asiye na kipimo cha upepo na pampu yake mwenyewe anasafiri kwa mali ya wenzake.

Kila gari libebe koleo, redio ya mawasiliano, tanki lililojaa, na maji yasiyopungua lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Libebe pia bendera juu ya fimbo ndefu, kwa sababu magari mawili yanayopanda kilima kimoja kutoka pande mbili hayaonani mpaka yafike kileleni. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano imara zilizoshikamana na chesisi. Kamwe isifungwe kwenye kitufe cha kuvutia trela. Hicho hukatika na kuruka kama risasi, na katika nchi mbalimbali kimekwisha kuua watu.

Katika mwendo, kiongozi hutangulia na mzoefu mwingine hufunga msafara. Hakuna anayepanda mpaka gari la mbele limevuka kilele, na kila dereva humwangalia anayemfuata. Upande unaopigwa na upepo huwa mpole na mgumu. Upande wa pili huteremka kwa nyuzi kama 33, na mchanga wake ni laini. Kilima hupandwa na kushukwa moja kwa moja. Kukikata kwa ubavu ndiko hasa kunakoliangusha gari lililoinuliwa. Likianza kuteleza ubavu, dereva aelekeze pua chini na kuongeza mafuta kidogo.

Najua wapo watakaouliza: tutamrudishaje mwenzetu aliyetoka Muscat, mwendo wa takribani kilomita 200? Swali hilo ni la haki. Lakini gari moja likiharibika, msafara wote husimama, na joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Hapo maji ya kila mmoja huwa maji ya wote, na jua la kila mmoja huzama palepale. Uzembe wa mmoja hulipwa na watoto wa wengine walio kwenye viti vya nyuma.

Njia ya kuepuka aibu ipo. Magari yakaguliwe siku kadhaa kabla ya safari, mjini, wakati fundi bado yupo karibu. Ambaye gari lake halijawa tayari asiachwe nyumbani; apewe kiti katika gari la mwenzake, ajifunze, aje na lake safari nyingine. Hivyo urafiki hautavunjika, na mifupa haitavunjika.

Wapendwa, wenye ndugu huko wafikishieni maneno haya kabla ya Ijumaa. Nawatakieni juma jema.