Ajali ya Barabarani Ina Kinga

Mtu akigongwa na gari kijijini, wazee hukaa msibani wakasema: "Ajali haina kinga." Maneno hayo humfariji mfiwa, nami sina ugomvi na faraja. Lakini msiba ukiisha, maneno hayo yanatudhuru. Yanatufanya tukae kimya mpaka agongwe mwingine. Zamani tulisema hivyo hivyo juu ya surua. Leo mtoto anachanjwa. Kugongwa na gari nako ni jambo la afya. Kuna sababu zake, na sababu hizo zinajulikana.

Tazama hesabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023. Linasema kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani. Katika kila watu 10 waliokufa, zaidi ya 9 ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Karibu robo ya waliokufa walikuwa wakitembea kwa miguu. Hao ni watu kama mimi na wewe, wasio na gari.

Kinachoua hasa ni mwendo. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, linapita mita 14 hivi katika sekunde moja. Sekunde moja ni muda wa kutamka "Mama yangu!" Dereva akikuona, anahitaji kama sekunde hiyo kabla mguu wake haujakanyaga breki. Likienda kilomita 80 kwa saa, katika sekunde hiyo limekwisha pita mita 22, na breki bado haijaanza kushika. Hata barabara ikiwa kavu na breki zikiwa nzima, litasimama baada ya zaidi ya mita 50. Hiyo ni nusu ya uwanja wa mpira. Lori lililojaa mahindi linahitaji nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo usijiambie, "Ameniona, atasimama." Pengine amekuona kweli, ila hawezi kusimama.

Tanzania magari hupita kushoto. Basi wewe mwenda kwa miguu, kama hakuna njia ya pembeni, pita ukingo wa kulia, uyatazame magari yanayokuja upande wako. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunatembea kushoto, gari linatujia mgongoni. Mfikirie mama aliyejitwika mzigo wa kuni. Shingo yake haigeuki. Akipita kushoto, hajui kinachomjia mpaka kimfikie. Akipita kulia, anakiona mapema na kuingia majanini. Ila pikipiki za bodaboda hupita popote, hata upande usio wao. Hizo zisikilize kwa masikio pia.

Ukishuka kwenye basi, usivuke mbele yake wala nyuma yake. Ngoja liondoke. Basi ni kama ukuta: hukioni kinachokuja, na kinachokuja hakikuoni. Usiku vaa nguo nyeupe au jifunge khanga nyeupe, na uwe na tochi. Dereva hamwoni mtu mwenye nguo nyeusi mpaka amkaribie sana. Na anayetoka kilabuni amelewa asiachwe kurudi peke yake kwa barabara ya lami. Rafiki zake waliokunywa naye wamsindikize. Au nao wamelewa? Basi wote wapite njia ya mashambani.

Watoto ni habari nyingine. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukadiria mwendo wa gari. Analiona liko mbali, anadhani nafasi ipo. Akili yake bado haijakomaa kwa kazi hiyo, hata umchape. Nasikia wazazi wakisema, "Nilimwonya, hakusikia." Mimi nasema kuonya hakutoshi. Mtoto mdogo avushwe, ashikwe mkono na mtu mzima au na kaka na dada wa madarasa ya juu.

Sasa niseme juu ya haki zetu, maana mwenda kwa miguu hulaumiwa kila mara. "Alikatiza ghafla," dereva husema, na marehemu hawezi kujibu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuandikwa kwa ajili ya madereva peke yao. Dereva anatakiwa kumpisha mtu aliye kwenye kivuko chenye milia. Katika makazi ya watu mwendo wake usizidi kilomita 50 kwa saa. Wewe nawe unatakiwa kuvuka kwenye kivuko kama kipo karibu. Lakini ukiwa kwenye milia, usikanyage mpaka uone gari limesimama. Kuwa na haki ni jambo moja, kuwa na breki ni jambo jingine.

Na kama kijiji hakina kivuko? Vijiji vingi havina. Hapa ndipo ninapowalaumu viongozi wetu wa vijiji. Mtu akifa, vijana hupanga mawe na magogo barabarani kwa hasira. Wengine huchimba matuta yao wenyewe, na usiku tuta lile lisilo na alama linamwangusha mwenye baiskeli. Mkutano mkuu wa kijiji upo. Jambo hili liwekwe kwenye ajenda, liandikwe kwenye muhtasari, barua iende TANROADS kama ni barabara kuu, au TARURA kama ni barabara ya vijijini. Nakala apewe diwani. Barua isiseme tu "tunaomba msaada." Itaje mahali penyewe: mbele ya shule, kisimani, gulioni. Itaje wangapi waliumia na lini. Na lile gulio lililotandazwa pande mbili za lami, kijiji kinaweza kulihamisha chenyewe bila kungoja mtu.

Mambo haya yamejaribiwa. Dar es Salaam, kwenye shule kadhaa za msingi, shirika la Amend liliweka matuta, njia za miguu na vivuko karibu na shule. Wanafunzi wanaoumia walipungua. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa. Tuta na milia hazikuwafanya madereva kuwa watu wema. Ziliwafanya wapunguze mwendo.

Ajali ikitokea, zuieni kwanza magari mengine. Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi. Msimvute wala kumnyanyua majeruhi ovyo, maana huenda shingo au uti wa mgongo umevunjika. Mwacheni alale palepale, ila kama pana hatari nyingine, kama moto. Msimnyweshe kitu. Polisi watatoa fomu ya PF3. Kila gari linatakiwa kisheria kuwa na bima kwa watu linaowadhuru, na aliyegongwa anaweza kudai fidia. Dereva akikimbia na namba haijulikani, kudai ni vigumu sana. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, soma namba ile ya gari, uiandike hapo hapo. Kama huna karatasi, andika kiganjani.