Injini ikichemsha, mkono usubiri

Ni saa nane mchana, mwezi Julai, mjini Houston, Marekani. Baba mmoja amesimama kwenye taa za barabarani akiwa ndani ya gari alilolijenga mwenyewe nyumbani kwa miaka miwili. Ni Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970. Kiti cha nyuma yupo binti yake wa miaka tisa, aliyemshikia tochi jioni nyingi za kazi hiyo. Leo ndiyo safari yao ya kwanza.

Taa bado ni nyekundu na mshale wa joto unapanda. Inawaka ya kijani, gari linasogea kidogo na kusimama tena. Mshale unafika mwisho. Harufu tamu inaingia ndani, kisha mvuke unaanza kutoka pembeni mwa boneti. Baba anaegesha, anazima injini, anachukua kitambaa na kushuka. Anataka kufungua mfuniko wa rejeta aone kama maji yamekwisha. Binti naye ameshafungua mkanda, maana amezoea kusimama karibu na baba yake anapofanya kazi.

Familia hii ni ya mfano tu. Lakini dakika hiyo humpata mwenye gari la namna hii kule Marekani, na humpata pia mwenye Corolla kuukuu aliyekwama katikati ya mlima wa Kitonga. Kitakachofanyika hapo ndicho kinachoamua kama siku itaishia kwa fundi au wodi ya majeruhi wa moto.

Vipuri visivyozaliwa pamoja

Wamarekani huyaita magari ya misuli. Wengi hutaja Pontiac GTO ya mwaka 1964 kuwa ndiyo iliyoanzisha mtindo huo: gari la ukubwa wa wastani likawekewa injini kubwa ya V8 ya lita 6.4, kwa bei ambayo kijana mwenye kazi angeweza kuifikiria. Zaidi ya nusu karne baadaye, wazazi na watoto wao bado hununua mabodi yaliyochoka na kuyajenga upya nyumbani.

Shida ni kwamba gari la kujenga nyumbani ni mkusanyiko wa vipuri visivyozaliwa pamoja. Chevelle ya mfano wetu ilitoka kiwandani na injini ya silinda sita ya lita 4.1. Baba ameweka V8 ya lita 7.4, lakini rejeta ameacha ileile ya zamani.

Sehemu kubwa ya petroli inayochomwa kwenye injini haigeuki mwendo bali joto. Baadhi ya joto hilo hutoka na moshi, na lililobaki hubebwa na maji hadi kwenye rejeta ili hewa ilipoze. Injini ikikua na rejeta isikue, joto hukosa pa kwenda.

Kilicho chini ya mfuniko

Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 usawa wa bahari. Ndani ya rejeta hayachemki hapo, kwa sababu mfuniko una springi inayobana shinikizo. Mfuniko wa paundi 15 huyawezesha maji matupu kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka, na yakichanganywa na kulanti hufika juu zaidi.

Mfuniko ukifunguliwa, shinikizo huondoka ghafla. Sehemu ya maji yale hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke huhitaji nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Mvuke huo huruka nje ukibeba maji ya moto. Kitambaa hakisaidii sana, kwani kinaloa na kuung'ang'aniza moto kwenye mkono.

Kwa mtu mzima, maji hayo humpata mikononi, kifuani na usoni. Mtoto aliyesimama mbele ya bampa, uso wake uko karibu usawa wa mfuniko wenyewe. Ngozi yake pia ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, hivyo huungua kwa kina zaidi na kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya baba yule siyo kutafuta hitilafu. Ni kumwondoa mtoto, mbali na gari na mbali na barabara, kisha kusubiri. Nusu saa ndiyo kiwango cha chini, na kwa injini kubwa ya chuma saa nzima ni bora. Boneti isifunguliwe mvuke ukiwa bado unatoka. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa bado mgumu kwa shinikizo, mfuniko haufunguliwi. Ukishapoa na kulegea, mfuniko uzungushwe polepole hadi kituo cha kwanza, uso ukiwa umegeuzwa pembeni, usikike kama bado unapumua.

Kuna makosa mengine mawili ya haraka. La kwanza ni kumimina maji baridi kwenye injini yenye moto, jambo linaloweza kupasua silinda hedi au bloku. La pili ni kuingiza mkono karibu na feni. Katika magari mengi ya sasa feni ni ya umeme na huweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Inachemsha wakati gani?

Injini ikishapoa, swali la kwanza la fundi mzuri ni hili: gari linachemsha likiwa limesimama au likiwa kasi?

Likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, tatizo kwa kawaida ni hewa. Barabarani mwendo wenyewe huleta upepo, lakini kwenye foleni feni hubaki peke yake. Kinachokaguliwa ni mkanda wa feni uliolegea, feni ndogo, au kava linaloizunguka feni ambalo mjenzi alilitoa na hakulirudisha. Bila kava hilo, feni huzungusha hewa ileile ya moto badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta.

Likipoa kwenye foleni na kuchemsha likiwa kasi, tatizo huwa ni maji au rejeta. Rejeta huenda imeziba kwa kutu, au ni ndogo kuliko injini. Pampu ya maji inaweza kuwa imechoka. Mpira wa chini unaweza kuwa umelainika, ukanywea injini inapovuta maji kwa nguvu na kuziba njia. Mpira huo huo huonekana mzima gari likiwa limezimwa, ndiyo maana wengi hawaugundui.

Likichemsha wakati wote, themostati huenda imekwama. Kifaa hiki kidogo hufungua njia ya maji yakifika joto fulani, mara nyingi nyuzi 82 au 91. Injini iliyojengwa upya inaweza pia kuwa na hewa iliyonaswa ndani, na dawa yake ni kujaza maji taratibu pua ya gari ikiwa imeinuliwa na injini ikiwa baridi. Geji yenyewe nayo inaweza kudanganya, hivyo ni vyema kuithibitisha kwa kipimajoto cha kuelekeza, kama vile vya kupima homa usoni lakini vya mafundi.

Joto jingine huanzia kwenye uchomaji. Taimingi iliyochelewa huacha moto ukiendelea kuwaka wakati wa kutoka, ukazipasha moto kuta za injini. Kabureta inayotoa petroli kidogo kupita kiasi nayo huongeza joto. Gari likikosa nguvu, likipiga misi na kuchemsha kwa pamoja, kubadilisha rejeta peke yake huenda kusitibu chochote.

Dalili inayohitaji kusimamisha kila kitu ni ya gasketi ya silinda hedi. Maji hupungua bila kuvuja popote, moshi mweupe wenye harufu tamu hutoka kwenye ekzosi, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa, au mapovu huonekana kwenye maji injini ikiunguruma. Gari hilo lisiendeshwe hata hadi dukani.

Hatari zilizobaki sakafuni

Mafundi wa nyumbani huzungumza sana kuhusu injini na kidogo sana kuhusu gereji yenyewe, ambako watoto hucheza.

Kulanti nyingi zina ethilini glikoli. Ladha yake ni tamu na rangi yake huvutia kama juisi. Kiasi kidogo huweza kumdhuru vibaya mtoto, na vivyo hivyo paka au mbwa. Aliyekunywa huonekana kama mlevi, hutapika na kulegea. Baadaye hupumua kwa kasi na figo hushindwa kazi. Hospitali ina tiba, lakini hufaa zaidi ikianza mapema, kwa hiyo mtoto asisubiriwe aonyeshe dalili. Asilazimishwe kutapika wala asipewe maziwa kama dawa. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa ya kulanti. Nyumbani, kulanti isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na iliyomwagika ifutwe na kuoshwa siku hiyohiyo.

Hatari ya pili haionekani wala kunuka. Kutafuta hitilafu ya joto humlazimu fundi kuunguruma injini kwa muda mrefu, na magari ya Marekani ya kabla ya 1975 hayakuwekewa kifaa cha kusafisha moshi. Moshi wake una kaboni monoksidi kwa wingi, hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Gereji nyingi za Marekani zimeungana na nyumba, na kufungua mlango wa gereji hakutoshi. Gari liungurume nje, mbali na madirisha. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja bila homa, watoke nje kwanza, kisha watafute msaada.

Ya tatu ni risasi. Rejeta za zamani za shaba ziliungwa kwa risasi, na kuzichomelea upya hutoa moshi na vumbi lake. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Kazi hiyo ifanyike mbali na nyumba. Mzazi anayeifanya, awe Houston au gereji ya mtaani kwetu, avue nguo za kazi na kunawa vizuri kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Akiungua

Aliyemwagikiwa na maji ya rejeta apelekwe penye maji safi ya baridi yanayotiririka, na sehemu iliyoungua ikae chini ya maji hayo dakika 20. Hata kama muda umepita, kupoza bado kunasaidia ndani ya saa tatu za mwanzo. Nguo zilizolowa, pete na bangili zitolewe mapema kabla ya kuvimba, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi. Mwili uliobaki ufunikwe, hasa kwa mtoto mdogo, asipate baridi.

Dawa ya meno, ute wa yai, asali, mafuta na barafu visipakwe. Baada ya kupoza, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichonata. Mtoto aliyeungua uso, mikono, miguu au sehemu za siri, au aliyetoka malengelenge, aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Kando ya barabara ya Houston

Turudi kwa yule baba. Amekishika kitambaa, ameinama, kisha amesikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Anageuka, anakirusha kitambaa kitini na kumshika binti yake mkono. Wanakwenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa duka, hatua 20 kutoka kwenye gari.

“Baba, tunasubiri hadi lini?”

“Hadi ule mpira mweusi upoe, mwanangu. Haya, niambie, mshale ulianza kupanda tukiwa wapi?”

Binti anafikiri. Barabara kuu ulikuwa katikati. Ulipanda kwenye taa za kwanza, ukashuka kidogo walipokimbia, ukapanda tena kwenye taa za pili. Baba anayaandika kwenye simu. Jibu tayari wanalo: ni hewa. Kava la feni lililotolewa wakati wa kufunga injini kubwa bado liko kwenye rafu ya gereji, limejaa vumbi. Rejeta nayo itabidi ibadilishwe mshahara ukitoka, maana barabara ndefu za kiangazi zitaishinda.

Saa moja baadaye mpira umelegea. Baba anamwambia binti abaki kivulini, anarudi kwenye gari peke yake, anageuza uso pembeni na kuuzungusha mfuniko polepole. Unatoa pumzi fupi, kisha kimya. Maji yaliyopungua ni kama lita mbili.