TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: UNDUGU BILA DAFTARI HAUDUMU



Wiki hii mjadala wa majeshi ya pamoja umetugawa pande mbili. Upande mmoja unasema askari wetu wasivuke tena mpaka, ya Congo waachiwe Wakongo. Upande wa pili unasema ndugu akipigwa unakwenda, na anayeuliza gharama ni mchoyo. Napinga pande zote mbili.

*Kwa wa kwanza.* Barabara inayokatiza Mikumi ndiyo iliyobeba mafuta ya Zambia baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia, Novemba 1965. Kongwa, ukishapita Gairo, palikuwa na kambi za wapigania uhuru. Mazimbu tuliwapa ANC mwaka 1977. Hatukufanya hayo kwa kuwa tulikuwa na ziada. Tulijua kwamba jirani akikosa amani, na sisi hatulali. Leo Congo iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mizigo yake inapita bandari ya Dar es Salaam na barabara hiyo hiyo. Ndugu zangu mnaouza chakula kwa madereva pale Mikumi, mnalijua hilo kuliko mimi.

*Kwa wa pili.* Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Undugu nao ni hivyo hivyo. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikaa Dar es Salaam kuanzia 1963 hadi 1994. Wanachama wote walitakiwa kuchangia mfuko wake, lakini zilikuwepo nchi zilizohutubia sana na kulipa kidogo. Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, Msumbiji ilituletea kikosi, na hatutaisahau. Lakini mzigo wa vita ile tuliubeba karibu wote wenyewe. Waulizeni wazee miezi 18 ya kufunga mikanda ilivyogeuka miaka ya foleni za sukari na sabuni.

Sasa hesabu ya juzi. SADC ina nchi 16. Desemba 2023 ilipeleka kikosi mashariki mwa Congo. Askari walitoka nchi tatu tu: Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Aprili 2024 tulizika vijana wetu watatu. Januari 2025 Goma ikaanguka, na tarehe 13 Machi SADC ikafunga kazi ile. Ukiitoa Congo yenyewe, nchi 12 zilikaa kwenye meza ya uamuzi na hazikupeleka kikosi.

Damu haigawanyiki kwa mafungu. Fedha inagawanyika. Kitongojini kwetu, asiyeweza kushika zamu ya ulinzi wa usiku hutoa mchango, na hakuna anayemwita msaliti. Msaliti ni yule asiyeshika zamu, asiyetoa mchango, na asubuhi analalamika kuibiwa kuku.

Na kanuni hii itubane na sisi. Kikosi cha Afrika Mashariki kilipoingia Congo Novemba 2022, Tanzania haikupeleka askari. Kenya, Burundi, Uganda na Sudan Kusini zilipeleka, na kila nchi ikajilipia. Kenya peke yake ilitengewa na bunge lake zaidi ya shilingi bilioni 4 za kwao kwa miezi sita ya mwanzo. Usalama ule ulikuwa wetu pia. Haki ni kuchangia hata pale tusipopeleka.

Msiniambie haiwezekani. Umoja wa Mataifa huzikadiria nchi kwa uwezo wake na kurejesha fedha kwa nchi zinazotoa askari. NATO wanagombana kuhusu fedha kila siku, lakini asilimia ya kila nchi huchapishwa na dunia nzima inaisoma. Umoja wa Afrika wenyewe ulikubaliana Kigali, mwaka 2016, kutoza asilimia 0.2 ya bidhaa zinazoingia kutoka nje ya bara. Nchi nyingi hazijatekeleza. Matokeo yake tumeyaona Somalia: posho za askari wa Afrika zililipwa na Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 Ulaya ikakata asilimia 20. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Je, anayetegemea cha asiye ndugu?

Hili si jambo la wakubwa tu. Kilosa tunajua tuta la Mto Mkondoa likipasuka linafanya nini. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 hayajasahaulika. Shilingi tunayomlipia mwenzetu aliyekwepa zamu ndiyo hiyo inayopungua kwenye tuta.

Kwa hiyo, kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya Tawi nitaleta azimio la kupelekwa Kata, Wilaya na kwa Mbunge wetu, lenye mambo matatu:

1. Nchi mwanachama isiyopeleka askari ilipe fedha, kwa kadiri ya uwezo wake.
2. Orodha ya waliolipa na wanaodaiwa isomwe bungeni kila mwaka wa bajeti, na Tanzania iwemo.
3. Kikosi kisiondoke kabla fedha za miezi ya mwanzo hazijaingia kwenye akaunti.

Anayepinga aje na hoja, na aje na namba. Kelele za usiku kwenye simu hazitaandikwa kwenye muhtasari.

Kidumu Chama!

Katibu wa Tawi